Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Meya: hosteli zikifungwa, wageni wetu walale wapi?

Mheshimiwa Meya,

Salamu nyingi kwako na kwa madiwani wote.

Yah: Hosteli nafuu zinazofungwa jijini

Ninaandika kwa sababu ya mlango mmoja wa hosteli, nyumba ambako mgeni hulipia kitanda katika chumba cha pamoja. Ulikuwa umefungwa kwa mnyororo, na juu ya mnyororo imebandikwa karatasi yenye mhuri mwekundu: jengo limefungwa kwa kukiuka masharti ya leseni. Ilikuwa saa nne kasoro robo usiku. Mdogo wangu alikuwa na begi mgongoni na faili la vyeti kwapani, maana usaili wake ulikuwa kesho yake saa mbili asubuhi. Risiti ya malipo ya siku mbili ilikuwa kwenye simu yake, imeandikwa wazi kwamba pesa hairudishwi. Tulikuwa watu saba pale nje. Mama mmoja mtu mzima alikuwa ameketi juu ya sanduku lake, bahasha kubwa ya picha za eksirei mapajani, akipiga namba ya mapokezi kila baada ya dakika chache. Simu tuliisikia ikiita ndani, nyuma ya mlango.

Mimi naishi jijini, lakini chumba changu tunakaa watatu na mkataba unakataza wageni kulala. Usiku ule nilivunja mkataba. Mdogo wangu alilala sakafuni kati ya kitanda na kabati, akaamka na shingo imekaza, akaenda kwenye usaili hivyo hivyo. Wale wengine watano tuliwaacha pale pale barabarani. Yule mama namkumbuka mpaka leo.

Simlaumu mkaguzi aliyebandika karatasi. Huenda alikuwa sahihi kabisa. Nilipokuja kutafuta kazi nilipanga kwenye hosteli iliyokuwa na vitanda 16 vya deka katika chumba kilichojengwa kuwa sebule. Mlango wa dharura ulikuwepo, alama yake ya kijani ikiwaka juu, ila mbele yake walikuwa wamerundika magodoro ya akiba mpaka usawa wa kitasa. Madirisha yalikuwa na nondo. Usiku wa kwanza sikupata usingizi. Nilishuka kitandani nikahesabu hatua hadi kwenye ngazi, zikawa 31, nikarudi kulala na viatu miguuni. Kwa hiyo sikuombi ufumbe macho, Mheshimiwa. Watu wa zimamoto waingie, wapime, waandike, na asiyerekebisha afungiwe. Ninachoomba ni kwamba kati ya kufumba macho na kufunga mnyororo kuwe na njia nyingine, kwa sababu leo haipo.

Hapa kwetu anayetaka kulaza watu kwa siku mojamoja ana leseni mbili za kuchagua. Akiomba ya hoteli, anadaiwa choo kwa kila chumba, maegesho ya magari na ada ambayo ni ileile kwa mwenye vyumba 200 vya kifahari. Akiomba ya nyumba ya kupangisha, haruhusiwi kumpokea mgeni wa siku mbili. Hosteli haimo kwenye karatasi zetu. Mwenye hosteli mwaminifu anajikuta mvunja sheria tangu siku ya kwanza, na yule asiye mwaminifu anajificha ghorofani bila kibao mlangoni, anapokea fedha taslimu na kujaza watu apendavyo. Mkaguzi akija, wote wawili wanakula mnyororo uleule. Akiondoka, anayefungua tena kwa siri mtaa wa pili ni yule wa pili.

New York ilishapita njia hii. Mwaka 2010 jimbo lile lilipitisha sheria, ikaanza kutumika Mei 2011, ya kuzuia nyumba za makazi kukodishwa kwa chini ya siku 30. Walengwa walikuwa wenye majengo waliogeuza nyumba za watu kuwa hoteli za kificho, na hilo lilikuwa tatizo la kweli. Wapangaji walikuwa wanasukumwa nje. Lakini hosteli nyingi zilikuwa ndani ya majengo ya aina hiyohiyo, nazo zikafungwa pamoja na wakosaji. Moja kubwa iliyosalimika, iliyoko barabara ya Amsterdam Avenue jijini New York, ina vitanda zaidi ya 600. Ilisalimika kwa sababu haikuwa ndani ya nyumba za watu. Jengo lake ni la mwaka 1883, lilijengwa kuwa makao ya wanawake wazee wasiojiweza, likafufuliwa na kufunguliwa kama hosteli mwaka 1990. Jiji la mamilioni ya watu na wageni, na mtu wa mfuko mdogo anabaki na milango ya kuhesabika.

Najua picha anayokuwa nayo mtu akisikia neno hosteli: vijana wa mikoba mikubwa, muziki, kelele za usiku wa manane. Wapo, na majirani wao wana haki ya kulala. Masharti ya saa za utulivu yawekwe na yasimamiwe. Lakini hebu pita kwenye jiko la pamoja la hosteli yoyote saa moja asubuhi. Utamkuta anayenyoosha shati kwa ajili ya usaili. Utamkuta mzazi aliyemleta mtoto chuoni na hana uhakika kama bweni litapatikana wiki hii. Utamkuta mtu mwenye miadi ya viza, aliyeambiwa arudi keshokutwa. Na utawakuta wanaouguza. Katika ile hosteli ya magodoro, kitanda cha chini yangu alilala mzee ambaye mkewe alikuwa amelazwa hospitali ya rufaa. Alikaa wiki tatu. Kila jioni alikuwa anafua kanga moja ya mkewe kwenye sinki, anaikamua, anaianika kwenye chuma cha kitanda changu akiwa ameniomba ruhusa, na asubuhi anaikunja kwenye mfuko kabla hajaondoka. Hakuwa mtalii yule. Kwake tofauti ya kitanda na chumba cha hoteli ilikuwa ndiyo tofauti ya kukaa karibu na mkewe au kumwacha peke yake.

Sasa niseme habari ya bei, maana watu wa nyumbani hunipigia mimi niwatafutie pa kulala na nimekuwa mzoefu kuliko nilivyotaka. Bei unayoiona mwanzo siyo unayolipa. Ukibonyeza, inaongezeka ada ya huduma. Ukifika mapokezi, shuka zinalipiwa, taulo inalipiwa, kufuli la kabati linalipiwa, kuacha begi baada ya saa nne asubuhi kunalipiwa. Kuna amana ya funguo, na siku ya kuondoka anayerudisha amana hayupo. Kitanda kilekile Jumanne na Ijumaa ni bei mbili tofauti, na likija kongamano au mechi kubwa kinapanda mara mbili au tatu ndani ya siku moja. Ukikimbilia pembezoni mwa jiji kwa sababu ni rahisi, nauli ya kwenda na kurudi inakula ulichookoa, na ukikosa treni ya mwisho umekula hasara zaidi. Mimi siku hizi hupiga simu moja kwa moja na kuuliza jumla, kila kitu ndani, kisha naomba waiandike kwenye ujumbe. Wengi hukubali. Wengine hukata simu, na hilo nalo ni jibu.

Haya hayahitaji fedha za jiji. Marekani, tangu Mei 2025, kanuni ya serikali kuu inawalazimu wenye hoteli na malazi ya muda mfupi kuonyesha jumla ya bei pamoja na ada zote za lazima tangu mwanzo. Ofisi yako inaweza kuweka sharti la namna hiyo kwenye leseni kesho: bei moja, shuka na kabati ndani yake, na ibandikwe ukutani mapokezi.

Kuna jambo jingine ambalo liko mikononi mwa baraza lako moja kwa moja, nalo ni tozo ya wageni. Yetu inatozwa kwa kichwa kwa kila usiku, kiasi kimoja kwa wote. Kwenye karatasi inaonekana ni usawa. Lakini anayelala kwenye chumba chenye sebule yake na mandhari ya jiji zima haihisi kabisa, wakati kwa aliyeko kitanda cha juu katika chumba cha watu 12 kiasi hichohicho ni sehemu kubwa ya bei ya kitanda. Jiji la Amsterdam, Uholanzi, walikuwa na kitu cha aina hii: tangu 2020 mgeni wa hoteli au hosteli alilipa asilimia 7 ya bei na juu yake euro 3 kwa kila kichwa kwa kila usiku. Mwaka 2024 wakaondoa zile euro za kichwa, wakaweka asilimia 12.5 ya bei. Siisifu tozo yao, kwa jumla ni kubwa mno. Ila sasa inafuata bei: anayelipa kidogo anatozwa kidogo. Tozo yetu ikifuata asilimia, mgeni wa hoteli kubwa atafidia kile atakachopunguziwa mgeni wa kitanda, na hazina ya jiji haitapoteza kitu.

Na mahali pa kuweka vitanda papo. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Hosteli zenyewe zilianza kwa mtu kutazama majengo matupu. Agosti 1909 mwalimu wa Ujerumani, Richard Schirrmann, alikuwa safarini kwa miguu na wanafunzi wake wakapigwa na dhoruba, wakajihifadhi usiku katika shule iliyokuwa tupu kwa sababu ya likizo. Wanafunzi walilala, yeye akakesha akiwaza: shule zote hizi, likizo zote hizi, kwa nini zisilaze watoto wasio na uwezo? Miaka michache baadaye ikafunguliwa hosteli ya kudumu katika ngome ya kale ya Altena, na kufikia 1932 vyama vya hosteli vya nchi mbalimbali vilikutana Amsterdam na kuunda shirikisho lao la kimataifa.

Wazo lile la jengo tupu halijazeeka. Stockholm, Sweden, meli ya matanga iliyoundwa mwaka 1888, af Chapman, iligeuzwa hosteli mwaka 1949, ikiwa imetia nanga katikati ya jiji. Ottawa, Kanada, walifunga gereza lao la zamani mwaka 1972, na mwaka uliofuata likawa hosteli. Kuta zilikuwepo, vyumba vilikuwepo. London vyuo vikuu kadhaa hukodisha mabweni yao kwa wageni wakati wa likizo ndefu, wanafunzi wakiwa makwao. Sisi mabweni yetu hukaa matupu miezi mitatu kwa mwaka, tena miezi ileile ambayo kitanda jijini hakishikiki. Kwa nini hatujawahi hata kuwauliza wakuu wa vyuo?

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ombi langu la kwanza ni leseni ya hosteli yenyewe kama hosteli: idadi ya vitanda kwa ukubwa wa chumba, vyoo kwa idadi ya watu, njia mbili za kutokea moto ukiwaka, na ada inayolingana na bei ya kitanda. Waliopo wapewe muda wa kurekebisha, miezi sita kwa mfano, na orodha ya waliopita ukaguzi itangazwe ili mtu wa mbali ajue pa kwenda. Pale ambapo hatari ni kubwa kiasi cha kufunga siku hiyohiyo, funga, lakini wakaguzi wasiondoke kabla wageni waliolipia hawajaonyeshwa pa kulala usiku huo. Kufungua ukumbi mmoja wa jiji na kutandika magodoro hakuhitaji bajeti mpya. Wale watu saba tungetosha kwenye kona moja ya ukumbi.

Ombi la pili ni jengo la ghorofa nne lililo nyuma ya kituo kikuu cha treni, zilizokuwa ofisi za idara moja ya jiji. Limekaa tupu tangu idara ilipohamia makao mapya. Nalipita kila siku nikienda kazini. Taa ya ngazi ya ghorofa ya pili inawaka usiku na mchana, kwa hiyo umeme upo. Wiki iliyopita nilimuuliza mlinzi kama maji yanatoka. Alinipeleka hadi kwenye bomba la uani, akalifungua, yakatoka kwa nguvu. Akaniambia funguo za vyumba vyote ziko ofisi ya majengo ya jiji, ghorofa moja chini ya ofisi yako.

Mdogo wangu ameitwa usaili wa pili, tarehe 20 mwezi ujao. Nimeshaanza kumtafutia kitanda. Nitashukuru kupata jibu lako kabla ya tarehe hiyo, hata likiwa la mistari miwili.

Wako katika kulijenga jiji,

Mkazi na mlipakodi