Barua ya Malalamiko: Toleo la Nakala 120 Lililochapwa Tena

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Uchapishaji wa Vitabu vya Toleo Maalumu.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: NAKALA NAMBA 38 YA KITABU CHENU KIDOGO CHA MASHAIRI

Nakuandikia kuhusu kitabu kidogo cha mashairi ambacho kampuni yako ilikitangaza kuwa kimechapwa nakala 120 tu, kwa herufi za risasi (vipande vya madini vinavyopangwa na kupigwa chapa), kwenye karatasi ya pamba, kikiwa na michoro iliyochongwa kwenye mbao, kikajalidiwa kwa ngozi ya mbuzi, kila nakala ikiwa na namba yake na saini ya mchoraji. Nilikilipia kabla hakijatoka, kama mlivyotuomba wanunuzi wa mwanzo. Nilikwisha kulifikisha suala hili kwenye kitengo chenu cha huduma kwa wateja, na jibu nililopewa huko ndilo lililonifanya nije kwako moja kwa moja.

Nianze na lililo zito. Ukurasa wa mwisho wa kitabu, ule wa kolofoni, yaani maelezo ya uchapaji, unaeleza kwamba nakala ni 120, kwamba zimechapwa mara moja, na kwamba vibao vya michoro viliharibiwa baada ya kazi kukamilika. Maelezo hayo ni yenu, hayakuandikwa na dalali wala muuza mitumba. Baadaye nikapokea tangazo lenu jipya: kitabu kilekile, mashairi yaleyale, michoro ileile, ukurasa kwa ukurasa, ila safari hii kwa jalada la buluu badala ya jekundu. Nakala 300, na namba zinaanzia tena moja. Kwa hiyo sasa kuna namba 38 mbili, na ukifunga macho yako usione jalada, hutajua ipi ni ipi.

Mhudumu wenu, kwa adabu zote, alinieleza kwamba hilo ni toleo jingine kwa kuwa rangi ya ngozi ni nyingine. Hapana. Toleo linatokana na kupangwa kwa herufi na kupigwa chapa, na jalada ni vazi tu. Mpiga chapa ana haki ya kutoa aina mbili au tatu za kitabu kimoja, nyingine za bei ya kawaida na nyingine za fahari, mradi azitaje zote na kuzihesabu zote. Kelmscott Press, karakana ya uchapaji ya Mwingereza William Morris, ilipotoa kitabu chake kikubwa cha kazi za mshairi Chaucer mwaka 1896, zilikuwepo nakala 425 zilizochapwa kwenye karatasi na 13 zilizochapwa kwenye ngozi. Mwenye nakala ya karatasi hakuja kushtukizwa na nakala za ngozi. Hesabu ilijulikana, na mpaka leo mtu anaweza kuitegemea.

Nakuomba uangalie pia yaliyofuata baada ya Morris kufariki mwaka huohuo. Kiwanda chake kilifungwa mwaka 1898, na wasimamizi wa mali yake wakavipeleka vibao vya mbao vya michoro yake British Museum kwa sharti kwamba visitumike kuchapa kwa muda wa miaka 100. Mwenye ahadi alikuwa kaburini, na bado watu wake waliilinda. T. J. Cobden-Sanderson wa Doves Press, karakana nyingine ya London, alikwenda mbali zaidi: kati ya mwaka 1916 na 1917 alizitupa herufi zake za risasi kwenye mto Thames, usiku usiku, ili asije mtu mwingine akazitumia. Siwaombi mtupe kitu mtoni. (Cobden-Sanderson mwenyewe alikuwa amegombana na mshirika wake, Emery Walker, aliyekuwa na haki juu ya herufi hizo, kwa hiyo si mfano mwema kwa kila jambo.) Nasema tu kwamba katika fani hii watu wameichukulia idadi kwa uzito mkubwa, na ninyi mmeichukulia kama rangi ya kitambaa.

Najua nitadhaniwa kuwa nalilia bei ya kuuzia tena. Sikukinunua kukiuza. Ila ni lazima niseme kwa nini idadi ina maana, kwa sababu jibu la mhudumu wenu lilionyesha kwamba huko kwenu hilo halieleweki. Katika karakana inayochapa kwa mkono, uchache haubuniwi na idara ya mauzo, bali hutokana na kazi yenyewe. Karatasi iliyotengenezwa kwa mkono huja kwa mafungu madogo. Herufi za risasi ni laini, zinachakaa. Fundi hupaka wino, hulaza karatasi, huvuta mtambo, kisha huanika, halafu hurudia kwa upande wa pili. Nakala 120 ni kazi ya mtu kuumwa mgongo. Lakini faili likiwa kwenye kompyuta na printa ikiwa haichoki, hakuna kitu chochote duniani kinachozuia nakala ya 121 isipokuwa neno la mchapishaji. Hapo ndipo kolofoni inapokuwa kila kitu. Ahadi ni deni, na ninyi mlilichapa deni hilo kwa maandishi, mkalitia namba, mkapokea fedha.

Na hapa ndipo lalamiko la pili linapoungana na la kwanza. Kama vibao viliharibiwa, nakala za buluu zimepata wapi michoro ileile? Ama havikuharibiwa, ama havikutumika kuchapa kabisa. Nilichukua kioo cha kukuzia mara kumi nikafungua kitabu chini ya taa iliyolazwa pembeni, na naamini jibu ni hilo la pili.

Herufi ya risasi huikandamiza karatasi. Mwanga ukipita ubavuni unaona kibonde kidogo kwenye kila herufi, na karatasi ikiwa laini, kidole kinaweza kuhisi upande wa nyuma. Ukiitazama kwa kioo, wino umesukumwa kuelekea ukingoni, ukaacha utepe mwembamba mweusi zaidi unaoizunguka herufi. Katika nakala yangu hakuna kibonde wala utepe. Herufi zimekaa juu ya karatasi, zinang'aa kidogo, na pembeni yake kuna chembe nyeusi zilizotawanyika, jambo ambalo kila mwenye printa ya wino wa unga ofisini analijua. Michoro nayo inajieleza. Mchoro uliochongwa kwenye mbao una mambo mawili tu: penye wino ni peusi, palipochongwa ni peupe, na kila kivuli kimetengenezwa kwa mistari ambayo mkono wa mchongaji uliikata. Michoro yenu, chini ya kioo, imejaa vinukta vya kijivu vilivyopangwa safu safu. Hiyo ni picha ya mchoro. Mchoraji huenda alichonga kweli, na namheshimu kwa kazi yake, ila mlichonitumia mimi ni skani.

Tusielewane vibaya: sina ugomvi na mashine. Ulimwengu wa vitabu vidogo umejengwa na mbinu nyingi. Ndugu wa familia ya Salmin wa Padua, Italia, walichapa kazi ya mshairi Dante mwaka 1878 kwa herufi ndogo mno, zilizopewa jina la jicho la nzi, na ustadi ulikuwa katika kuzipanga herufi hizo moja moja. David Bryce wa Glasgow alifuata njia nyingine kabisa. Alipunguza kurasa kwa picha, akazichapa kwenye karatasi nyembamba, na miongoni mwa kazi zake ni Kurani ndogo iliyowekwa ndani ya kikasha cha chuma chenye kioo cha kukuzia kwenye kifuniko chake. Askari Waislamu waliibeba katika Vita Kuu ya Kwanza, na leo wakusanyaji wanaitafuta kwa udi na uvumba. Hakuna anayeidharau kwa kuwa imepunguzwa kwa picha. Mngetuambia kwamba kitabu chenu kimechapwa kwa printa nzuri kwenye karatasi nzuri, ningeamua kwa macho yangu, na huenda ningekinunua, kwa bei nyingine. Mlichofanya ni kutuuzia mkono wa fundi ambao haukuwepo.

Ngozi sitaizungumzia sana. Vinyweleo vyake vinajirudia kwa mpangilio uleule kila baada ya nafasi sawa, na pale jalada linapokunjika pameanza kupasuka. Mpasuko hauna nyuzi, una makombo. Ngozi ya mbuzi haivunjiki hivyo. Hii ni ngozi ya mabaki, iliyosagwa, ikagandishwa kwa gundi, halafu ikapigwa muhuri wa vinyweleo. Mjalidi yeyote mtakayemwonyesha atawaambia kwa kuigusa tu.

Vipimo navyo ni kichekesho. Wakusanyaji wengi, hasa wale wanaofuata Miniature Book Society ya Marekani, huhesabu kuwa kitabu kidogo ni kile kisichozidi inchi 3, yaani milimita 76, kwa urefu, upana na unene. Tangazo lenu lilisema kinaingia ndani ya kipimo hicho. Kimefika kikiwa na milimita 82, na rafu niliyokuwa nimekiandalia haikipokei. Kwa peke yake hili ningelinyamazia, maana karatasi na majalada yana tabia zake. Nalitaja kwa sababu tayari ni jambo la nne ambalo tangazo lilisema hivi na kitabu kinasema vile.

Katika barua pepe zenu za matangazo, ambazo hazikomi, mnakiita kitabu hiki johari. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kitabu hiki kimetembezwa sana.

Sasa nieleze ninachotaka. Nataka kurudisha nakala yangu na kurejeshewa fedha zote pamoja na gharama za usafirishaji wa kuja na wa kurudi. Sitaki vocha, wala punguzo la kitabu kijacho, wala nakala ya buluu kama zawadi. Hiyo ya mwisho nilishapendekezewa na mhudumu wenu, na nilidhani ananitania. Pili, nataka maelezo ya maandishi, yenye saini ya mtu mwenye mamlaka, yanayosema nakala ngapi za kitabu hiki zimechapwa kwa jumla, za rangi zote, pamoja na zile za mchoraji, za wafanyakazi, na za ziada ambazo hazikutiwa namba. Karakana nyingi hutunza nakala chache nje ya hesabu na hakuna ubaya, ila hutajwa.

La tatu si kwa ajili yangu. Wapo wanunuzi wengine 119 ambao huenda hawajashika kioo cha kukuzia. Waandikieni. Waelezeni kitabu kilivyochapwa kweli, kimejalidiwa kwa nini, na kwamba idadi iliyo kwenye kolofoni si sahihi tena, kisha wachague wenyewe kubaki nacho au kukirudisha. Na zile nakala za buluu ambazo hazijauzwa zitiwe karatasi ya masahihisho ndani inayosema wazi kwamba ni uchapaji wa pili. Mtu atakayeipata nakala hiyo miaka 50 ijayo kwenye mnada au kwenye sanduku la marehemu hatakuwa na tangazo lenu mkononi. Atakuwa na kolofoni tu, na ataiamini.

Maelezo ya bidhaa kwenye ukurasa wenu wa mauzo yalibadilishwa baada ya mimi kulalamika: maneno "herufi za risasi" yameondolewa na pamewekwa "uchapaji wa kiwango cha juu". Nimehifadhi ukurasa wa awali, pamoja na stakabadhi, tangazo la nakala 120, tangazo la nakala 300, na picha za herufi, michoro na jalada zilizopigwa kupitia kioo. Nakala za vyote hivyo nimeziambatanisha.

Nitasubiri jibu la maandishi kwa siku 21 tangu mpokee barua hii. Baada ya hapo nitalipeleka suala hili kwenye mamlaka ya kulinda walaji na kwa benki iliyopitisha malipo yangu. Kitabu nimekifunga kwenye karatasi isiyo na asidi ndani ya kasha lake, kiko katika hali ileile kilichofika nayo, isipokuwa ule mpasuko wa jalada unaoendelea wenyewe. Sitakituma mpaka nipate kwa maandishi uthibitisho wa nani anagharimia usafirishaji na bima yake.

Wako,
Mteja wenu, mwenye nakala namba 38 ya jalada jekundu.