Gari ya cheni nayo inakwama, madereva wafundishwe kwanza

Mhariri, habari za kazi. Wiki iliyopita msomaji mwenzangu aliandika humu kwamba halmashauri za huku kwetu Kigoma zinunue gari za cheni za kubebea wagonjwa wakati wa masika, zile za kwenye theluji Ulaya zinazotembea kwa cheni kama katapila badala ya tairi, maana zenyewe hazikwami popote. Nimefurahi sana kuona kuna mtu kaliwaza hilo na namuunga mkono kabisa, ila hapo kwenye "hazikwami popote" naomba nimsahihishe, kwa sababu hizo gari nimeziendesha na nimezikwamisha mwenyewe.

Mimi ni opareta, nimeshika katapila na kijiko miaka mingi migodini, na kampuni niliyokuwa nayo ikanipeleka Kiruna, kaskazini kabisa mwa Sweden kwenye mgodi wa chuma, nikakaa misimu miwili ya baridi. Kule mwezi wa kumi na mbili kuna kipindi jua halichomozi kabisa, na ukitoka nje ya barabara unazama kwenye theluji mpaka kiunoni. Gari tuliyokuwa tunatumia wanaiita bandvagn, ile ya Hägglunds, ina mabodi mawili, la mbele na la nyuma, yameungwa katikati na kiungo kinachojikunja, ina cheni nne pana za mpira na zote zinavuta. Ina tani 4 na ushee lakini inapita juu palepale unapozama wewe kwa mguu, maana uzito wote umetandazwa. Watu wa Malagarasi wanamjua yule ndege wa bwawani mwenye vidole virefu anayetembea juu ya majani ya yungiyungi, basi ni hivyohivyo.

Siku ya kwanza nikaingia nayo kwa akili ya katapila. Katapila unakata kona kwa kubana cheni ya upande mmoja, ile haiko hivyo, unazungusha usukani na gari inajikunja kiunoni, sasa mimi nikakata kona fupi kwenye theluji laini, ikapungua nguvu, nikaona dawa ni kukanyaga mafuta. Cheni zikazunguka palepale, zikafukua theluji yote ya chini na gari ikakaa tumbo. Mzee aliyekuwa ananifundisha hakugomba, alinipa koleo tu. Tulichimba karibu saa mbili.

Alichonifundisha baada ya pale ndo ninachotaka madereva wetu wakijue. Mafuta kidogo, mwendo wa polepole usiokatika, kona pana. Mlima unaupanda wima, ukikata kwa ubavu gari inateleza yote kwenda chini. Ukihisi inaanza kuzama usilazimishe, rudi nyuma kwenye njia yako uliyoikandamiza alafu uje tena, kila mara unasogea kidogo mbele, na kama huna haraka iache ile njia usiku mzima, theluji iliyokandamizwa inashikana na asubuhi unapita kama barabarani. Jioni unasafisha theluji yote kwenye rola, yale magurudumu madogo ya ndani ya cheni, na gari unailaza juu ya magogo, la sivyo cheni zinagandia ardhini na asubuhi ukilazimisha unakata kitu.

Sasa hapa ndo pa kuwa makini, tope la mbuga si theluji. Theluji ukiipitia inakaza, tope la mbuga ukilipitia mara ya tatu ni uji, na kwenye kinamasi yale majani na mizizi ya juu ndo yanayokubeba, ukishayakata umekwisha. Kwa hiyo kule unafuata njia yako ya jana, huku unaikwepa. Ila kusafisha rola ni kulekule, udongo wa mfinyanzi ukikaukia ndani ya cheni usiku mmoja ni sawa na barafu, utaung'oa kwa mtarimbo.

Na wanaosema hii ni anasa ya wazungu wajue ilianzaje. Huko Valcourt, Quebec, Kanada, kulikuwa na fundi anaitwa Joseph-Armand Bombardier, alikuwa anahangaika na gari ya kupita kwenye theluji tangu akiwa na miaka 15. Mwaka 1934 mtoto wake wa miaka miwili alipata ugonjwa wa kidole tumbo, barabara zimefungwa na theluji, hospitali haifikiki, mtoto akafa. Kufika 1937 alikuwa ameshatoa gari ya cheni ya kubeba watu 7, na gari zake zikatumika kubeba wagonjwa, barua na watoto wa shule. Mwaka 1953 wakatoa na nyingine ya kwenye vinamasi, wakaiita Muskeg. Yaani kitu cha theluji na kitu cha tope vilitoka karakana moja.

Mimi hiyo habari ya 1934 siwezi kuisoma vizuri. Masika ya miaka minne iliyopita mke wa mdogo wangu alishikwa na uchungu kijijini, ukishaiacha barabara kubwa ya Nguruka ni mbuga tupu, gari ya wagonjwa ikaja usiku na ikakwama kabla ya kufika. Tulimbeba kwa machela tukiwa watu sita tunapokezana. Tulipoifikia gari dereva alikuwa anakanyaga mafuta mpaka tairi zinatoa moshi, difu ziko kwenye tope, kosa lilelile nililofanya mimi Kiruna. Simlaumu, kijana wa watu hakuna aliyewahi kumkalisha akamfundisha. Mama alipona. Mtoto hatukumpata.

Ndo maana nasema zikinunuliwa hizo gari, na zinunuliwe, basi dereva afundishwe kwenye tope lenyewe kabla hajakabidhiwa ufunguo, si siku mbili za kusaini karatasi, awekwe mbugani mwezi mzima akwame na ajinasue mwenyewe. Mimi nipo hapahapa Nguruka, sifanyi kazi za mgodi tena, halmashauri yoyote ikiniletea madereva wake nitawafundisha bure. Waje na koleo.

Opareta, Nguruka, Kigoma