Dunia haichoki kama gololi

Mhariri,

Ripoti yenu kuhusu yale maonyesho ya michezo ya anga na falsafa imeyasifu kupita kiasi, hasa ile meza ya kitambaa. Nimenyamazia habari zenu za sayansi kwa miaka, hii imenishinda.

Meza yenyewe ni pete ya bomba iliyowambwa kitambaa cha kuvutika, kama ngozi ya ngoma, na katikati limewekwa tufe zito ndilo jua. Mtoto anarusha gololi, inazunguka mara tano sita, inazidi kusogea ndani, inagonga jua. Mtoto mmoja akamwuliza mhudumu kama Dunia nayo itaishia hivyo. Akajibiwa, "Ndiyo, mwishowe." Jamani! Gololi inaishiwa mwendo kwa sababu inasuguana na kitambaa, tena kitambaa kinabonyea chini ya uzito wake. Huko angani Dunia inasuguana na nini? Na hata msuguano ungeondoka, umbo lenyewe limekosewa. Kwa kanuni ya mwanaastronomia Kepler, sayari iliyo mbali na jua mara 4 kuliko nyingine huchukua muda mara 8 kumaliza mzunguko. Juu ya kitambaa kilichowambwa utapata karibu mara 4 tu. Halafu bango ukutani linadai meza "inaeleza mvutano ni nini". Kinachoivuta gololi shimoni ni mvutano wa Dunia, uleule tulioahidiwa kuelezwa! Wanafalsafa wote hao, hakuna aliyeona kwamba hoja yao inazunguka kuliko gololi?

Meza ya pili ndiyo imeniudhi zaidi. Wameweka bao chini ya bango la "bahati na hiari". Bahati ipi? Bao halina dadu wala karata ya kuficha. Kete ni 64, na kila mchezaji anajua zilipo. Isitoshe wametandaza kete mbili mbili katika mashimo yote 32, yaani bao la kujifunza. Hakuna kete 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingiza ubaoni moja moja, na nyumba, lile shimo la pekee la kila mchezaji, imekuwa shimo kama mashimo mengine. Nyumba ndiyo ilikuwa hiari yenyewe: kete ya mwisho ikikufikisha pale, ulale, zamu yako iishe, au usafiri, uzichote kete zake uendelee kuzisambaza? Swali walilolitafuta wamelifuta kwa mkono wao.

Nao ukuta wa roketi hauna hata mstari mmoja kuhusu Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyorushwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei angani, iliyorushwa 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi.

Kitambaa wapewe washona suruali. Wamwite fundi wa plasta awafinyangie shimo gumu badala yake. Akate kigezo cha plaiwudi chenye kina cha sentimita 2 mahali palipo sentimita 40 kutoka katikati, sentimita 4 kwenye 20, na 8 kwenye 10. Ndani ya hapo aache tundu. Akifunge kwenye bomba lililosimama wima na kukizungusha juu ya jipsamu mbichi, kisha apige msasa mpaka pateleze. Gololi ziwe za chuma, za beringi. Wapime kwa saa mzunguko wa kwanza tu, kwenye 40 na kwenye 10, wataikaribia ile mara 8. Gololi bado itaanguka, maana msuguano haujaisha, na mhudumu afundishwe kusema hivyo.

Msomaji wenu wa siku nyingi