Risala ya Walimu Tarajali Waliofanya Mafunzo kwa Vitendo Nchini Ufini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mkuu wa Chuo,
Wakufunzi wetu wapendwa,
Wazazi, walezi na wageni waalikwa,
Wanachuo wenzetu,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima na kutukutanisha katika ukumbi huu siku ya leo. Tunakushukuru nawe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuukubali mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo. Tunafahamu kwamba kabla ya kupewa dhamana ya uongozi ulishika chaki kwa miaka mingi, na kwa sababu hiyo tumeona risala yetu isiwe ya kusimulia safari wala ya kuisifu nchi tuliyokwenda, bali iwe ya kueleza jambo moja tulilolifanya kila wiki tukiwa mafunzoni, na kukuomba utusaidie ili lifanyike hapa nyumbani pia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi ni walimu tarajali tuliopata nafasi ya kufanya sehemu ya mafunzo yetu kwa vitendo katika mji wa Jyväskylä, ulio katikati ya Ufini, katika eneo lenye maziwa mengi. Mji huo una heshima ya pekee katika historia ya ualimu wa nchi ile, kwa kuwa ndiko ilikofunguliwa mwaka 1863 seminari ya kwanza ya kuandaa walimu kwa lugha ya Kifini, chini ya uongozi wa Uno Cygnaeus. Kabla ya kuianzisha, Cygnaeus alikuwa ametumwa kuzizungukia shule za Uswidi, Ujerumani, Uswisi na kwingineko, akayachukua mawazo ya wanaelimu Pestalozzi wa Uswisi na Fröbel wa Ujerumani na kuyapa sura ya kwao. Mwaka 1866 kazi za mikono zikawa somo la lazima katika shule za umma za Ufini, na mpaka leo tumewakuta wavulana na wasichana wakiranda mbao na kushona nguo katika ratiba ileile ya hisabati na kusoma. Kwa vijana waliokua wakisikia habari za Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, na ambao sasa wanajiandaa kufundisha mtaala wenye mkondo wa amali, jambo hilo halikuwa geni hata kidogo.

Mafunzo kwa vitendo hufanyika huko katika shule za mazoezi zilizo chini ya vyuo vikuu. Ni shule za kawaida zenye watoto wa kawaida, isipokuwa walimu wake wana kazi mbili: kufundisha watoto na kulea walimu wanaokuja. Tangu mwaka 1979 mwalimu wa darasa nchini humo hutakiwa awe na shahada ya uzamili, na huyo ndiye tuliyekaa naye kabla ya kila somo tukilipitia andalio letu mstari kwa mstari, kisha tukakaa naye tena baada ya somo. Somo huchukua dakika 45, yakafuata mapumziko ya dakika 15 ambayo watoto huyatumia nje, hata theluji ikiwa imetanda uwanja mzima. Mazungumzo ya baada ya somo mara nyingi yalikuwa marefu kuliko somo lenyewe, na hatukuwahi kupewa alama katika mazungumzo hayo. Mwalimu mlezi alikuwa akianza kwa kuuliza: ulimwona nani leo, na ni nani ambaye hukumwona?

Swali hilo ndilo lililozaa kikao chetu. Kila mmoja wetu alikuwa katika darasa lake, na jioni tulirudi bwenini na mambo ambayo hayakuwa na nafasi katika fomu yoyote. Tukakubaliana kukutana kila Ijumaa jioni katika chumba cha pamoja, kila mtu akiwa na ukurasa mmoja alioandika kwa mkono kuhusu tukio moja la wiki hiyo. Hatukuruhusu taarifa ya jumla ya aina ya "wiki imekwenda vizuri." Tulitaka mtu aandike mwanafunzi alisema nini kwa maneno yake mwenyewe, mwalimu alifanya nini, na ni kipi ambacho mwalimu huyo bado hajakielewa. Msomaji akimaliza, wenzake waliruhusiwa kuuliza maswali tu. Ushauri ulisubiri mpaka maswali yaishe. Sharti hilo lilikuwa gumu kwetu, maana walimu tuna haraka ya kutoa jibu, lakini ndilo lililokifanya kikao kiwe na faida.

Wenzetu wa darasa letu waliobaki nchini wakifanya BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, katika shule mbalimbali walijiunga nasi kwa WhatsApp, wakituma sauti zao pale mtandao ulipokubali. Kati ya Ufini na Tanzania saa hazipishani wakati wa kiangazi cha kule, na wakati wa baridi hupishana kwa saa moja tu, kwa hiyo Ijumaa yetu ilikuwa Ijumaa yao. Tunasisitiza kwamba bila sauti zao kikao hiki kingekuwa nusu, kwa sababu wao ndio waliotukumbusha kila wiki ni madarasa ya aina gani tunayorudi kuyafundisha.

Tuombe ruhusa, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tukueleze suala moja kwa kirefu. Mwenzetu mmoja alisoma ukurasa kuhusu mtoto wa darasa la nne ambaye familia yake ilitoka mashariki ya Kongo. Katika somo la hisabati mtoto huyo alikaa kimya wiki nzima, na mwenzetu aliandika kwamba hazijui sehemu. Swali la kwanza lililoulizwa lilikuwa: umejuaje kwamba hazijui? La pili: umemuuliza kwa lugha gani? Ikawa kimya, kwa sababu mtoto alikuwa akiulizwa kwa Kifini ambacho bado anajifunza, na mara nyingine kwa Kiingereza ambacho nacho si chake.

Nchini Ufini mtoto mwenye lugha nyingine nyumbani anaweza kufundishwa lugha hiyo kwa saa chache kila wiki pale manispaa inapoandaa mafunzo hayo, na serikali huchangia gharama endapo kundi lina watoto wasiopungua wanne. Kiswahili ni miongoni mwa lugha hizo, kutokana hasa na familia za Wakongo waliopokewa kama wakimbizi. Mwenzetu akaomba kuhudhuria kipindi cha Kiswahili cha mtoto yule. Huko alimkuta akizungumza bila kusita, na katika mazungumzo akaeleza kazi ya mama yake ya kushona: pisi ya vitenge ina yadi sita, blauzi hula yadi mbili, basi theluthi ya kitambaa imekwenda na theluthi mbili zimebaki kwa sketi na kilemba. Mtoto aliyeandikiwa kwamba hazijui sehemu alikuwa akizitumia kila Jumamosi pamoja na mama yake.

Ijumaa iliyofuata mwenzetu alituletea andalio jipya, lenye kipande cha kitenge kama zana ya kufundishia, tukalijadili mpaka usiku. Hatutaki kudai kwamba mtoto aligeuka msemaji siku hiyohiyo, maana haikuwa hivyo. Alichofanya ni kuanza kuandika hatua za kukokotoa katika daftari lake, nyingine kwa Kiswahili, na mwalimu mlezi akazikubali zote. Kwa jicho la mwalimu hilo si jambo dogo, kwa kuwa kosa la mwanafunzi haliwezi kusahihishwa kama halijaandikwa mahali.

Suala hilo halikuishia Ufini. Mwenzetu aliyekuwa akifundisha jiografia kidato cha kwanza katika shule ya kata iliyo pwani alituma sauti akisema kwamba darasa lake zima liko katika hali ya mtoto yule. Aliuliza kwa Kiingereza habari za pepo za msimu, na hakuna aliyenyoosha mkono. Wakati wa mapumziko aliwasikia vijana walewale, wengi wao watoto wa wavuvi, wakibishana kwa ufundi kuhusu kusi na kaskazi: upepo upi unaanza mwezi gani, bahari inachafuka lini, chombo kinakwenda wapi. Mada waliyoinyamazia darasani ilikuwa ndiyo hiyo waliyokuwa wakiibishania uwanjani. Tulikizungumzia kimya hicho kwa Ijumaa kadhaa. Watoto wetu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wakifika sekondari huingizwa katika Kiingereza ndani ya miezi michache, na mwalimu mgeni hukidhania kimya chao kuwa ni uzito wa akili. Mwenzetu wa pwani alianza kuwapa wanafunzi dakika kumi za kwanza wajadiliane kwa Kiswahili katika makundi, kisha akawajengea msamiati wa Kiingereza juu ya kile walichokwisha kukisema wenyewe. Sisi tulioko mbali tulimwona akifanya kwa watoto wengi, bila mwalimu msaidizi, kile ambacho tulikuwa tukikifanya kwa mtoto mmoja.

Suala la nidhamu nalo lilirudi mara nyingi. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Ufini tangu mwaka 1914, kwa hiyo tuliowakuta wakifundisha hawajaitumia, wala walimu waliowafundisha wao. Mmoja wetu alisimulia jinsi mwanafunzi alivyokataa kuingia darasani baada ya mapumziko, na mwalimu mlezi akaenda kusimama naye nje kimya mpaka akawa tayari. Mwenzetu wa nyumbani, mwenye wanafunzi zaidi ya tisini katika chumba kimoja, akauliza: nikitoka kusimama na mmoja, hao wengine nawaacha na nani? Lilikuwa swali la haki, na hatukulijibu kwa kumtajia Ufini. Tulilolipata, baada ya wiki kadhaa za kujaribu na kurudishiana habari, lilikuwa dogo na linatekelezeka: kazi iwe imeandikwa ubaoni kabla wanafunzi hawajaingia, viongozi wa makundi wawe na jukumu halisi, na mwalimu ajifunze majina mapema awezavyo, kwa kuwa mtoto anayeitwa kwa jina lake husikia haraka kuliko anayeitwa "wewe wa nyuma." Mwenzetu alituarifu kwamba fimbo ilikuwa bado ipo ofisini, lakini yeye hakuifuata tena.

Changamoto nyingine, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunazitaja kwa ufupi. Mwishoni mwa mwezi Desemba jua la Jyväskylä huchomoza baada ya saa tatu na nusu asubuhi na huzama kabla ya saa tisa alasiri, na mwili huchukua muda kuzoea giza hilo. Gharama za maisha ni kubwa. Ugeni wetu katika Kifini ulitulazimu kufundisha zaidi katika vipindi vya somo la Kiingereza na vile vilivyoendeshwa kwa Kiingereza. Hayo yote yalivumilika, na tunawashukuru wenyeji wetu kwa subira yao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi. Wanachuo wa BTP hupangiwa shule zilizotawanyika, na mkufunzi, kwa ufinyu wa muda na nauli, humfikia kila mmoja mara chache. Akifika hukuta somo lililoandaliwa kwa ajili ya ujio wake, hujaza fomu, hutoa maoni na kuondoka kuwahi shule nyingine. Hatulaumu wakufunzi wetu. Tumewaona wakisafiri juani kutwa nzima. Lakini wiki zote zilizobaki mwanachuo hubaki peke yake na maswali yake, na mengi kati ya hayo hufa kabla hajarudi chuoni. Tunaomba chuo kiruhusiwe kuweka katika ratiba ya BTP saa mbili kila wiki kwa ajili ya kikao kama tulichokieleza, kwa wanachuo wa shule za jirani kukutana ana kwa ana au kwa simu pale umbali unapozuia, na saa hizo zihesabiwe kuwa sehemu ya mafunzo.

Tunaomba pia kikao hicho kisitolewe alama. Tumejadiliana sana juu ya hili, na msimamo wetu ni kwamba siku ukurasa ule utakapoanza kusahihishwa kwa kalamu nyekundu, watu wataandika masomo yaliyofaulu tu. Mkufunzi akaribishwe, lakini aje kama mwenzetu mwenye uzoefu mkubwa zaidi, naye alete ukurasa wake.

Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, tayari yanawataka walimu wakutane shuleni katika jumuiya za ujifunzaji. Mwalimu tarajali aliye shuleni kwa wiki chache si rahisi ajikaribishe mwenyewe. Tunaomba walimu wakuu na wakuu wa shule zinazopokea wanachuo waelekezwe kuwaingiza katika jumuiya hizo tangu wiki ya kwanza, ili mwanachuo amsikie mwalimu wa miaka ishirini akisema waziwazi ni wapi somo lake la jana lilipokwama.

Ombi letu la mwisho linahusu madaftari. Kurasa zote za vikao vya Ijumaa, zetu na za wenzetu wa nyumbani, tumeziondolea majina ya wanafunzi na ya shule na kuzipanga kwa mada: lugha ya kufundishia, nidhamu, madarasa makubwa, zana, wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Tumemkabidhi Mkuu wa Chuo nakala moja kwa ajili ya maktaba, na nyingine tunakukabidhi wewe leo. Tunaomba zipatikane fedha za kuzichapa nakala za kutosha ili wanachuo watakaokwenda BTP muhula ujao wawe nazo mkononi kabla ya kuondoka, wazisome, wazipinge pale wanapoona tumekosea, na waongeze za kwao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.