Krismasi njema watu wangu, na kisa cha Bibi aliyebaki Thogoto

Hamjambo wapendwa. Najua sai wengi mko njiani mnaelekea ushago, wengine mko kazini manake zamu haijui sikukuu, kwa hivyo kwanza pokeeni salamu zangu: Krismasi njema, amani iwe kwenu na kwa wote mtakaokaa nao meza moja. Ila kuna kitu kimenikaa rohoni mwezi huu wote na lazima niwaambie.

Mwaka huu nilimpeleka mama hospitali ya Kikuyu kuangaliwa macho, akiwa ndani kwa daktari mimi nikatoka kunyoosha miguu, nikajikuta mbele ya Church of the Torch, lile kanisa la mawe la PCEA, yaani Wapresbiteri, hapo Thogoto. Nikaweka mkono ukutani. Jua lilikuwa limeshapanda lakini jiwe bado lilikuwa na baridi ya usiku. Mzee mmoja aliyekuwa anafagia majani akanisalimia, akaniuliza, "Unajua Thogoto ni jina la wapi?" Nikasema si ni la huku huku Kikuyu. Akatikisa kichwa akasema hilo ni Scotland, wale wazungu walisema wametoka Scotland na sisi Wakikuyu S hatuna, ndio ikawa Thogoto. Nimeishi nchi hii miaka yote hiyo na sikuwahi kujua.

Basi nikarudi nyumbani nikaanza kusoma. Hao Waskoti walianzia Kibwezi mwaka 1891, malaria ikawamaliza, na 1898 misheni ikahamia Kikuyu chini ya Thomas Watson. Huko nako wakakuta njaa kali, ile watu waliiita Ng'aragu ya Ruraya, njaa ya Ulaya, na ndui juu yake. Mwishoni mwa 1899 akaja mchumba wake Minnie, wakafunga ndoa Mombasa, wakapanda huku kwenye njaa na maiti. Mwaka 1900 haujaisha, Watson akafa kwa nimonia.

Hapo ndipo mimi nilifunga kitabu nikakaa kimya. Hebu fikirieni hiyo Krismasi ya 1900, mjane ambaye ndoa yake ndio kwanza ilikuwa imeanza, mbali na kwao, kanisa hata halijakuwa kanisa, hakuna Mkristo hata mmoja aliyebatizwa hapo. Na mjue Wapresbiteri wa Uskoti kwa miaka mingi hawakuwa watu wa Krismasi kabisa, kwao hadi 1958 ndio ikawa siku ya mapumziko ya serikali, kwa hivyo labda hata nyimbo hazikuimbwa siku hiyo, sijui, labda aliamka tu akaenda kwa wale watoto wa njaa kama siku nyingine yoyote. Angeweza kufunga virago na hakuna ambaye angemlaumu. Alibaki.

Alibaki akiendesha ile misheni peke yake mpaka 1901 alipokuja mmisionari mwingine, Clement Scott, na baada ya hapo pia akabaki, akifundisha. Mtu wa kwanza kubatizwa pale, Filipo Karanja, alibatizwa 1907, yaani miaka tisa tangu wafike! Mwaka 1909 likajengwa kanisa dogo la Watson-Scott, jina la mumewe likiwa kwenye hilo jengo, na ni hapo 1913 ambapo Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti walikaa wakashiriki Meza ya Bwana pamoja, jambo ambalo lilimkasirisha askofu wa Kianglikana wa Zanzibar hadi akawashtaki maaskofu wenzake kwa uzushi. Mwaka huo huo wa 1909 alikuja pia kijana mmoja kusoma, akabatizwa Johnstone 1914, huyo ndiye baadaye tukamwita Jomo Kenyatta.

Sitaki mfikirie ni hadithi tamu tupu. Mwaka 1929 misheni ilitaka watu waweke alama ya kidole gumba, iliyoitwa kirore, kama ahadi ya kukataa tohara ya wasichana, na ingawa mimi naona kuwatetea hao wasichana kulikuwa sahihi, ile njia ya kulazimisha ilipasua nyumba nyingi na watu wengi sana wakatoka kanisani. Hilo jengo la mawe nililolishika lilifunguliwa 1933, kidonda kikiwa bado kibichi. Bibi Watson aliyaona karibu yote hayo, alistaafu 1931 baada ya zaidi ya miaka 30, akarudi kwao Uskoti, akafariki 1949. Halafu majivu yake yakaletwa Thogoto, akalazwa karibu na mumewe.

Kila Desemba tunasoma Mathayo kwamba ataitwa Imanueli, Mungu pamoja nasi, na mimi nilikuwa naisikia tu kama maneno ya kadi. Mwaka huu nimeisikia tofauti kwa sababu ya huyo mama. Pamoja nasi ni mtu kukaa na wewe kwenye njaa, kwenye ndui, wakati hakuna cha kusherehekea.

Kwa hivyo salamu zangu hasa ni kwenu nyinyi mliozika mtu mwaka huu. Najua kiti kimoja kitakuwa wazi na watu watawaambia mchangamke. Si lazima mchangamke. Kama huna nguvu ya kupika, usipike, niambie tu, nitakuja na chakula na tukae hata bila kuongea.

Macho ya mama yanaendelea vizuri, ameniambia niwasalimie wote. Mungu awabariki, tuonane kanisani asubuhi ya tarehe 25.