Samaki wa tangi dogo achaguliwe kwa lita kabla ya rangi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niongeze neno kuhusu makala iliyotoka majuzi katika ukurasa wa nyumba na familia, ambayo iliwashauri wasomaji kupamba sebule zao kwa bakuli la kioo lenye samaki wa dhahabu wawili au watatu. Mwandishi alieleza vizuri jinsi samaki wanavyomtuliza mtu aliyetoka kazini, na kwa hilo sina ubishi naye. Nimefuga samaki wa mapambo kwa miaka kumi na mmoja hapa Dodoma, na bado kila jioni navuta kiti mbele ya tangi. Tunapoachana ni kwenye samaki aliyemchagua, kwa kuwa samaki wa dhahabu ndiye wa mwisho ambaye ningemshauri mwenye chombo kidogo amnunue.

Samaki huyu huuzwa akiwa na urefu wa kidole, na mnunuzi hudhani huo ndio ukubwa wake. Wachina walimfuga mabwawani tangu enzi za utawala wa Song, yapata miaka elfu moja iliyopita, na akipata maji na chakula cha kutosha hufikia sentimita 20 na kuishi zaidi ya miaka kumi. Ni mlaji mkubwa, na alaye sana huchafua maji sana. Bakuli nalo lina kasoro yake: likijazwa hadi karibu na mdomo wake mwembamba, sehemu ya maji inayogusana na hewa inabaki ndogo, hivyo oksijeni inayoingia haitoshi. Bakuli langu la kwanza lilikuwa la lita 8. Niliweka humo samaki wa dhahabu wawili, na kabla ya wiki tatu kwisha wote walikuwa wamekufa. Aliyeniuzia alinihakikishia kwamba samaki wa aina hiyo hawana maisha marefu, akaniuzia wengine wawili, nami nikalipa bila kuuliza swali. Hao nao hawakumaliza mwezi.

Kwa hiyo anayetaka kufuga samaki nyumbani aanze na futi ya kupimia kabla ya kuangalia rangi. Tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 30 hubeba lita 54 likijaa pomoni. Ukishaweka mchanga na kuacha nafasi juu, yanabaki maji ya lita 45 hivi. Tangi hilo likiwa na maji yake huzidi kilo 50, na meza nyingi za runinga hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Hilo ndilo tangi dogo ninalolizungumzia katika barua hii. Chini ya hapo kazi huwa ngumu zaidi, ingawa watu wengi huamini kwamba kadiri chombo kinavyokuwa kidogo ndivyo kinavyomfaa anayeanza. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwake mwenyewe, na katika maji machache sumu hiyo hukolea upesi: chakula kilichosalia chini ya jiwe, kikioza katika lita 8, kinaweza kuwaua samaki wote.

Kinachotuokoa ni bakteria wanaoota kwenye mchanga na ndani ya sponji ya chujio. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Bakteria hawa huchukua kati ya wiki nne na sita kuenea katika tangi jipya. Katika muda huo tangi linaendeshwa likiwa na maji, chujio na chembe chache za chakula cha kuwalisha bakteria, bila samaki hata mmoja. Najua ni adhabu kubwa kwa watoto walioahidiwa samaki Jumamosi, lakini samaki wengi tunaowazika uani wamekufa kwa sababu ya wiki hizo tulizoziruka.

Baada ya lita ni zamu ya maji yenyewe, na hapa birika la chai ni kipimo kizuri kuliko maelezo ya muuzaji. Maji ya visima tunayotumia hapa kwetu huacha ukoko mweupe ndani ya birika, dalili kwamba ni maji magumu yenye chokaa nyingi. Neoni, yule samaki mdogo mwenye mstari wa buluu unaowaka kama taa, asili yake ni mito ya Amazoni ambako maji ni laini na yana asidi kidogo. Nilimjaribu mara mbili na sikufanikiwa. Msomaji anayetumia maji ya vijito vya milimani, ambayo hayaachi ukoko, anaweza kuwajaribu wanane au kumi kwa pamoja, maana neoni mmoja peke yake huishi kwa hofu.

Kwa maji magumu, samaki mdogo aitwaye gapi ni rahisi kupatikana na ni mvumilivu. Tatizo lake ni uzazi. Jike huzaa watoto walio hai takriban kila baada ya wiki nne, na anaweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini mwake, kiasi kwamba hata ukimnunua peke yake ataendelea kuzaa kwa miezi kadhaa bila dume kuwapo. Tangi la lita 54 hujaa kabla hujajua la kufanya, na wengine huishia kuwamwaga samaki wa ziada mtoni au bwawani, jambo ambalo sisi tulioshuhudia jinsi furu, samaki wadogo wa asili wa Ziwa Viktoria, walivyoliwa na sangara aliyepandikizwa humo katika miaka ya 1950 hatupaswi kulifanya. Mwenye kumpenda gapi anunue madume matupu. Ndio wenye mikia ya rangi.

Beta, samaki mpiganaji wa Thailand, ana kiungo kinachomwezesha kuvuta hewa juu ya maji, na kwa sababu hiyo wauzaji humweka katika chupa ya jamu na kusema ameridhika. Kuvumilia si kuridhika. Mpe tangi zima, dume mmoja tu, chujio lisilosukuma maji kwa nguvu, naye atakujua na kukufuata kidole kwenye kioo.

Hata hivyo, Ndugu Mhariri, samaki ambaye ningependa wasomaji wako wamfahamu hatoki Thailand wala Amazoni. Yuko Ziwa Tanganyika na hapatikani katika ziwa jingine lolote duniani. Kwa jina la kitaalamu anaitwa Neolamprologus multifasciatus. Dume hazidi sana sentimita 4, jike huishia karibu na 3, na kwa kimo hicho ni miongoni mwa wadogo kabisa katika jamii ya perege. Wanaishi sehemu ya kusini ya ziwa, kwenye sakafu ya mchanga iliyotapakaa nyumba tupu za konokono aitwaye Neothauma. Kila samaki ana nyumba yake ya konokono. Humo hulala, humo hukimbilia hatari ikija, na humo jike hutaga mayai. (Nasema nyumba za konokono kwa makusudi, nilipowaeleza majirani kwamba nina samaki wanaoishi ndani ya magamba, mmoja aliniuliza ni samaki gani asiyeishi ndani ya magamba.)

Ukimtazama kwa haraka utasema ni samaki wa kijivu mwenye mistari, hana la kujivunia mbele ya gapi. Mpe siku tatu. Ataanza kubeba mchanga kwa mdomo, tonge baada ya tonge, akichimba kuizunguka nyumba yake mpaka izame na kubaki mlango peke yake. Jirani akimwaga mchanga mlangoni pake, anatoka na kuurudisha ulikotoka, na ugomvi huo huweza kuchukua asubuhi nzima bila yeyote kuumia. Nilianza na sita niliopewa na rafiki anayewazalisha. Baada ya miezi michache niliona kitu kama nukta mbili za wino zikitikisika kwenye mlango wa nyumba moja, nikadhani ni uchafu. Yalikuwa macho ya mtoto. Watoto hukaa karibu na nyumba ya mama yao, nao wakubwa huwavumilia, hivyo katika tangi moja dogo unaweza kuwa na vizazi viwili vitatu vya umri tofauti, kila mmoja akijua mpaka wa kiwanja chake.

Maji ya Ziwa Tanganyika ni magumu, na pH yake (kipimo cha asidi, ambapo 7 ni katikati na juu yake si asidi) hukaribia 9, kwa hiyo ukoko wa birika unaomshinda neoni haumtishi samaki huyu. Kwa kuwa ziwa ni kubwa na maji yake hayabadilikibadiliki, hapendi kushtukizwa: mimi hubadilisha sehemu moja ya tano kila wiki, kwa maji yaliyokaa wazi ndooni usiku na mchana ili klorini iondoke. Joto la nyuzi 24 hadi 27 linamfaa. Mwezi Julai, usiku wa Dodoma unapokuwa baridi, huwasha kipasha maji kidogo. Ndugu zangu wa pwani watakuwa na shida ya upande wa pili, kwani maji yao mwezi Februari hupita kiwango hicho, na itawabidi waweke tangi mbali na dirisha na kuongeza hewa. Mchanga uwe laini, na wa kina cha sentimita 5 hivi. Nyumba za konokono niliziokota bustanini, zikiwa tupu, nikazichemsha. Ziwe nyingi kuliko samaki. Chakula ni cha punje ndogo, au viluwiluwi vichanga vya mbu kwa mwenye uvumilivu wa kuvichuja.

Inanishangaza kwamba wafugaji wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakiwazalisha samaki hawa majumbani mwao kwa miaka mingi, ilhali mtoto wa Sumbawanga akiingia duka la samaki wa mapambo hapa nchini ataonyeshwa samaki wa dhahabu. Hali ni hiyo hiyo kwa furu mwenye mgongo mwekundu wa Ghuba ya Mwanza, ambaye mwaka 1985 wanasayansi walimpa jina la nyererei kwa heshima ya Mwalimu, na ambaye jenasi yake imeitwa Pundamilia, kwa Kiswahili chetu. Huyo simpendekezi kwa tangi la lita 54, kwa sababu madume yake ni wagomvi na wanahitaji nafasi mara tatu au nne ya hiyo. Lakini kama hatumjui hata kwa picha, kosa haliko kwenye ukubwa wa tangi.

Ombi langu kwa wauzaji ni dogo. Juu ya kila tangi dukani, pembeni ya bei, wabandike karatasi yenye mambo matatu: samaki huyu hukua hadi sentimita ngapi, anahitaji maji laini au magumu, na ametoka wapi. Karatasi kama hiyo ingeniepusha kununua wale samaki wa dhahabu wanne. Na wewe, Ndugu Mhariri, ukiirudia mada hii, nakuomba picha ya bakuli isitumike tena.

Wako,
Mfugaji wa samaki wa mapambo,
Dodoma.