Mafundi wa fremu, msikate pambizo za picha za Kijapani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niwafikie mafundi wa fremu wa Mbeya, Iringa na Njombe, pamoja na wateja wao, kuhusu picha za Kijapani zilizochapwa kwa mbao za kuchonga katikati ya karne iliyopita. Si nyingi huku kwetu, lakini zipo. Wageni waliowahi kufanya kazi nyanda hizi walipohama waliziacha, na sisi wachache tunaozikusanya huzikuta zikiuzwa pamoja na masufuria na viti.

Kinachoniudhi ni mkasi. Fundi akiona fremu aliyonayo ni ndogo kuliko karatasi, hupunguza ule ukingo mweupe unaoizunguka picha, akidhani haubebi kitu. Hivi karibuni nimeletewa picha iliyobuniwa na msanii Hiroshi Yoshida, nayo imenyolewa pande zote nne. Yoshida, aliyefariki mwaka 1950, alikuwa amejenga desturi ya kusimamia uchapaji mwenyewe, na picha zilizopita mikononi mwake ziligongwa mhuri uitwao jizuri, yaani “imechapwa na mwenyewe”, kwenye pambizo ya kushoto, huku sahihi yake ya penseli ikiwa chini upande wa kulia. Baada ya kifo chake mbao zilezile ziliendelea kutumika, ila bila mhuri huo. Sasa mwenye picha hii atathibitishaje kwamba ilichapwa Yoshida akiwa hai?

Kwa picha za msanii Kawase Hasui hasara huweza kuwa ndogo kidogo, kwa kuwa mhuri wa mchapishaji wake, Watanabe Shozaburo, wakati mwingine umo ndani ya picha yenyewe, ingawa jina la mandhari na tarehe huandikwa pembeni na huondoka na mkasi. Wasanii waliochonga na kuchapa wenyewe, kama Kiyoshi Saito aliyetuzwa katika maonyesho ya sanaa ya São Paulo, Brazil, mwaka 1951, ndio huumia zaidi, maana idadi ya nakala huandikwa kwa penseli chini kabisa, mahali ambapo mkasi huanzia.

Kosa la pili ni kubandika picha kwenye hadibodi kwa gundi. Karatasi hizi za nyuzi ndefu za mforosadi hupitisha rangi hadi nyuma, na huko ndiko mkusanyaji huona alama za mviringo za kifaa ambacho mchapaji husugulia karatasi juu ya ubao wenye rangi, ushahidi kwamba picha ilichapwa kwa mkono. Gundi huficha alama hizo, na hadibodi yenyewe huigeuza karatasi kuwa ya kahawia. Kwa wenzetu wa Tukuyu, ambako mvua haina simile, picha iliyogusana na kioo huota ukungu.

Nashauri karatasi iachwe nzima, ishikiliwe juu kwa vipande viwili vya karatasi nyepesi vilivyopakwa uji wa wanga wa ngano, kisha itenganishwe na kioo kwa fremu ya ndani ya karatasi ngumu isiyo na asidi, na itundikwe ukuta usiopigwa na jua. Fremu ikiwa ndogo, fundi amwambie mteja aagize kubwa zaidi. Wengi wetu tuko radhi kulipia mbao za ziada.

Wako katika kuhifadhi picha,
Mkusanyaji, Mbeya